Ignas Makoye na Mafiga ya Volkano

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kupangusa mawe vumbi, Ndugu Ignas Makoye, mtunza sampuli wa ofisi yetu ya jiolojia hapa Shinyanga, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Mgongo umechoka, mdomo bado kabisa.

Kazi yake ilikuwa rafu moja ndefu. Mawe yake yanasimulia maisha ya volkano iliyolipuka karibu na Songwa yapata miaka milioni hamsini iliyopita: ilivyopasua ardhi kutoka chini sana, ikapandisha almasi, ikatema majivu, kisha ikazimika na mdomo wake ukawa ziwa. Jiwe moja likipotea, hadithi ina pengo.

Mwaka 1998 aliwasimulia wafugaji wa Songwa mlipuko huo, kwa mikono na sauti zote, akasahau kutaja miaka. Kesho yake Mzee Masalu akaswaga ng'ombe wake hadi Didia. Ignas alimfuata kwa baiskeli kumweleza kwamba amechelewa kukimbia kwa miaka milioni hamsini. Mzee akasema majani ya Didia ni mazuri, volkano iwepo isiwepo.

Msiba wenyewe ulikuja mwaka 2011. Aliosha mawe matatu ya mwisho, yanayoonyesha volkano ilivyozimika, akayaanika nyuma ya kantini. Yakatoweka. Ignas hakula siku mbili. Ya tatu njaa ilimpeleka kantini, akayakuta yamekuwa mafiga chini ya maharage ya Mama Raudha, mpishi wetu. Machozi yalimlenga. Alisubiri maharage yaive, akala sahani mbili, akayabeba mawe yangali na joto. Katika daftari la sampuli aliandika kwamba volkano imewaka tena, Jumanne, kwa saa tatu.

Tangu hapo Mama Raudha amekuwa akisomeshwa mawe na Ignas kila siku, mwiko mkononi. Leo anaijua rafu ile kuliko sisi wenye vyeti.

Tulipotaka kumnunulia Ignas mabati ya kumuaga, alikataa. Hofu yake ni moja tu, kwamba akiondoka mawe yake yatakuwa mawe tu. Akaomba fedha za mabati zinunue jiko la gesi la kantini, na ufunguo wa stoo ya mawe apewe Mama Raudha. Tukacheka, kisha tukaenda kununua jiko.

Asante, kaka Ignas. Kapumzike kwa furaha na afya. Mawe yako yote yako rafuni, Mama Raudha ameyakagua mara mbili, na maharage yanaivia kwenye gesi.