Mguu wa Motere Wenye Sikufungua

Bandugu na badada, mbele ya yote naomba mwenye ngoma aiweke chini. Na bakwaya bakae. Mi najua zoea yetu: mutu anashuhudia, tunaimba, tunapiga makofi, kila mutu anarudi nyumbani moyo mwepesi. Leo hapana. Majina ya batu sitataja. Ubaya wangu tu njo nitataja, huo mutausikia wote.

Kwetu Fizi, kando ya ziwa, nilikuwaka fundi wa motere za mitumbwi. Si fundi wa kubahatisha, eh! Batu balikuwa banabeba motere kwa bega kutoka mbali, banasema pelekeni kwa yule, akishindwa yeye basi itupeni majini. Hayo maneno yalininenepesha. Mi na mudogo wangu, tumbo moja, tulikuwa na mutumbwi wetu mukubwa, tunabeba bachuuzi na ndagala yabo mupaka kwenye soko. Yeye alikuwa anaendesha, mi natengeneza.

Ile siku nilikuwa naendesha mi mwenyewe. Nikakata njia karibu na kando ili petroli isiishe. Jiwe lenye tuligonga nalijua tangu utoto, tulikuwa tunaruka kutoka juu yake tukioga. Nikasema litapita chini. Halikupita. Motere ikaruka, ikalia kama mbuzi, ikazima.

Tukaivuta mupaka kando. Sasa sikilizeni vizuri, juu hapa njo nilianguka, haikuwa kule kwenye jiwe. Elisi, ile yenye inasukuma maji, ilikuwa imepinda mabawa mbili. Hiyo hata mutoto angeona. Lakini elisi inabebwa na chuma moja ndefu, inaingia ndani ya ule mguu wa motere wenye unashuka majini, na ndani mule kuna meno na mafuta. Chuma ikipinda hata kidogo, maji inaingia, mafuta inageuka nyeupe kama maziwa, na meno inaanza kukulana yenyewe kwa yenyewe. Kupima ni rahisi. Unashika jani moja la nyasi kavu, liguse kidogo ncha ya chuma, unazungusha. Jani likitulia, chuma ni nzima.

Jani lilitetemeka. Niliona, bandugu. Kwa hii macho.

Kufungua mguu ilikuwa kazi ya siku mbili, na kwa vyuma vipya ingebidi tutume mutu Uvira. Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na bachuuzi balikuwa tayari banapanga magunia. Elisi nyingine nilikuwa nayo nyumbani. Nikafunga ile. Halafu, na hii inaniuma mupaka leo, nikachukua rangi, nikapaka mahali kwenye mguu ulikwaruzwa. Rangi! Ukiangalia ungesema ni mupya.

Asubuhi nikaiwasha kuijaribu. Kando pale kulikuwa mama mumoja, mujane, anaosha masufuria. Marehemu bwana yake alikuwa muendeshaji wa motere miaka mingi, na ule mama alikuwa anajua kusikia motere kuliko bafundi wengi. Akasimama na sufuria mukononi. Akasema: «Mwana wangu, hiyo mashini inatafuna meno yake. Ukienda nayo leo, haitakurudisha.»

Mi nikacheka. Mbele ya batu. Nikamwambia: «Mama, osha vyombo vyako. Mambo ya motere tuachie sisi banaume.»

Mudogo wangu akasema, «Yaya, mukubwa wangu, we baki, umechoka. Mi nitaenda.» Nikabaki. Nikalala usingizi muzuri, nawaambia ukweli.

Meno ilikatika katikati ya ziwa. Upepo ukabeba mutumbwi ukaupindua karibu na mawe. Bachuuzi balishika mabido, yale madumu ya petroli, mutumbwi mwingine ukabaokota wote. Mudogo wangu tulimupata siku ya tatu.

Motere yenyewe baliileta. Nikaenda nayo nyuma ya nyumba, peke yangu, nikafungua ile sikrubu ya mafuta. Maziwa. Nikafunga tena.

Bon. Tuko kwenye kilio, batu banauliza iliwezekanaje. Mutu mumoja akasema: «Lakini yule mama alisema haitarudi. Alijuaje?» Mnajua kwetu swali la namna ile linaelekea wapi. Bakanigeukia mi, fundi mukubwa. «Motere ilikuwa nzima?»

Mama yangu alikuwa ananiangalia. Ningesema nini? Ningesema jani lilitetemeka? Nikasema: «Nilitengeneza yote. Ilikuwa nzima kabisa.»

Maneno hiyo tu. Sikusema ni mulozi, hapana, mi sikusema! Miaka yote nilijitetea hivyo kwa Mungu. Lakini batu balitoka pale banaenda moja kwa moja kwake. Balipasua nyumba yake, balimutoa kwenye kwaya, na jioni ile ile alikuwa barabarani na mufuko mumoja. Eti alirogaka motere. Mwenye alituonya, njo mwenye aliroga.

Halafu vita ikatufukuza sisi wote, kila mutu na njia yake. Mi nikapita Tanzania, nikafika Malawi, kwenye kambi hii ya Dzaleka. Na hapa, kwenye mujigo, ile pompi ya mukono, nasukuma maji, nasikia sauti nyuma yangu: «Mwana wangu, umefika nawe?» Ni yeye. Amezeeka. Beseni ya mandazi kwa kichwa, na beseni imejaa, hakuna mwenye ananunua, juu ule uvumi wa ulozi ulifika hapa kabla yangu. Batoto banavuka njia bakimuona. Hata ninyi. Ndiyo, ninyi. Usiangalie chini, mama wa pale mbele, mi pia nilivuka. Nilianza kuteka maji kwenye mujigo wa mbali, nikaanza kunywa ile pombe ya kachasu, na batu balisema, musikini, anaomboleza mudogo wake. Kachasu haikuwa ya mudogo wangu. Ilikuwa ya yule mama.

Mwaka huu nikapata kazi Lilongwe, kwa garaji moja Area 23. Ni ya kuiba-iba, si mnajua sisi wakimbizi hatuna ruhusa. Kabaza, baiskeli ya kubeba batu, mupaka Lumbadzi, halafu minibasi. Siku moja bwana mumoja akaleta motere kutoka ziwa lao. Imegonga jiwe. «Badilisha elisi tu,» akasema, «na upake rangi pale. Jumamosi nina bageni ba kubeba.»

Nikatoa jiti kwenye ufagio, nikalishika kwenye ncha ya chuma, nikazungusha. Likatetemeka kama lile lingine.

Nikamwambia mguu lazima ufunguliwe. Akakataa. Nikamwambia tena. Akaanza kelele, eti mukimbizi gani huyu wa kunifundisha kazi. Bandugu, nilifanya kitu cha kijinga. Nilichukua ile elisi mupya nikaiweka chini, nikaikalia. Muzee mzima! Nikasema, sitainuka. Mwenye garaji akaja kuuliza kuna nini: «Achimwene, chiyani?» Nikamwonyesha sikrubu ya mafuta kwa kidole. Akafungua yeye mwenyewe. Maziwa ikatiririka kwenye viatu vyake.

Balifungua mguu wote. Meno mawili ilikuwa imepasuka. Yule bwana akaondoa kofia. Mwenye garaji akanishika bega, akanishukuru: «Zikomo, achimwene. We ni mutu mwaminifu.»

Lile neno lilinipiga kuliko matusi. Nikatoka nje ya lango. Kumbe ilikuwa rahisi hivi! Kusema tu: fungueni.

Sikungoja kubadilisha nguo, nikarudi kambini kwa yule mama. Nilimukuta anakaanga. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikasema yote: jani, rangi, maziwa, kilio. Aligeuza mandazi yake mupaka ikaiva, akaitoa, njo akaniangalia.

«Nilijua,» akasema. «Si nilisikia motere? Nilijua siku ile ile.»

«Sasa kwa nini hukusema, mama?»

«Niliwaambia. Nani aliamini? Ulibaki we wa kusema. Nimekungoja miaka yote.» Nikaanza kulia. Akakasirika. «Usinililie. Utaenda kulia kule kanisani, batakuimbia, batakuombea, utatoka mweupe. Na mi? Beseni yangu itarudi imejaa.»

Hakunisamehe, bandugu. Musijidanganye, mi pia sijidanganyi. Alinipa ruhusa niseme, hivyo tu. Namushukuru kwa hiyo. Namushukuru mwenye garaji mwenye aliharibu viatu vyake, na bibi yangu wa ndoa: nilipomwambia hakuniacha, ingawa mupaka leo haniongeleshi vizuri. Na pasta, mwenye alinipa hii nafasi bila kuuliza nitasema nini. Sasa anajuta, namuona.

Fundisho langu ni la fundi. Ukigonga jiwe, usitengeneze kile chenye kinaonekana. Fungua mguu. Siku ile ile, mutumbwi ukiwa bado kando. Mi nilifungua nimechelewa: mutu amekufa na mwingine ameuawa akiwa anatembea.

Hiyo «Amina» muiweke kwanza. Nje, karibu na mulango, ameketi na beseni yake, kama kila Jumapili mnavyomupita. Tokeni, mununue, mukule pale pale mbele yake, batoto benu bawaone. Mi nilitaka kuwa wa kwanza, akaninyima. Alisema: «We utakula andazi la mwisho, likibaki moja.»

Nisaidieni, bandugu. Nina njaa.