Mkanda wa Msumari wa Saba

Baada ya miaka thelathini na minne ya kutia rangi mikanda ya karate, Mama Rangi anastaafu leo, Alhamisi tarehe thelathini, kengele ya saa kumi ikilia. Aliyepangiwa kuandika wasifu huu ni karani wetu. Aliandika mistari miwili, akaacha. Basi nimepewa mimi, fundi wa kushona mikanda, ambaye shule niliiacha njiani lakini kwa maneno sina mpinzani jengo zima.

Mama Rangi aliingia karakana hii akiwa na miaka ishirini na sita, akakuta pipa moja na jiko moja. Leo mapipa ni sita na yote anayajua kwa harufu. Mikono yake haijawahi kumaliza wiki ikiwa na rangi moja. Kwenye harusi ya binti yake alivaa glavu, akazivua ili ale keki, na wakwe wakasahau keki.

Kila anayeanza kazi hupewa somo huku yeye akikoroga. Kwamba karate ilikulia visiwa vya Okinawa, ambako watu walichanganya mapigano yao ya mikono na yale yaliyotoka Uchina, na baadaye sana jina likaandikwa kwa maana ya mkono mtupu. Kwamba mikanda iliazimwa kwenye judo, na rangi za katikati zikafuata baadaye. Siku yangu ya kwanza nikajifanya mjuzi, nikamwambia nimesikia walimu wa zamani hawakufua mikanda, ndiyo maana ikawa myeusi. Akanitazama juu ya miwani.

"Uchafu hauna daraja, mwanangu. Ungekuwa nalo, wewe na shati hilo ungekuwa mwalimu mkuu."

Rangi nazo kila ukumbi wa karate una maelezo yake, lakini yake ni haya. Nyeupe ni mtu aliyezaliwa jana, hana alijualo. Njano ni jua la kwanza kumpiga usoni. Kijani ni mche. Buluu ni mbingu ambako mche unaelekea. Hudhurungi ni mbegu iliyokomaa, inarudi udongoni. Nyeusi ni giza baada ya jua kuzama. Nilimuuliza baada ya giza kuna nini. Akaendelea kukoroga.

Hapa kwetu mwanafunzi akipanda daraja hanunui mkanda mpya. Analeta ule ule, tunauchovya kwenye rangi iliyokolea zaidi. Rangi huenda kwenye giza tu, hairudi nyuma. Na aliyeuchovya ndiye anayeukabidhi, mkononi mwa mwenyewe, si kwa kaka yake wala jirani. Sheria hiyo ni ya Mama Rangi, na hata meneja haigusi.

Mwaka wake wa tatu kazini alikuja msichana mkimya wa kama miaka kumi na sita, na mkanda wa hudhurungi. Alitaka mweusi. Akasema, "Nitaupitia Ijumaa, mama." Hakuupitia, na ukumbini hakuonekana tena. Mama Rangi akautundika, mweusi tayari, kwenye msumari wa saba ukutani, karibu na dirisha, akasubiri.

Baada ya miaka michache mkanda ulikuwa umerudi kuwa wa hudhurungi. Watu wakasema jua limeuchujua. Kisha ukawa wa buluu. Kisha kijani, kijani safi, bila baka. Jua gani linajua mpangilio wa madaraja? Mara mbili meneja alileta fomu za kustaafu, mara mbili zikarudi tupu. "Nina mkanda wa mtu," alisema, basi.

Mimi nilipoajiriwa, miaka miwili iliyopita, ulikuwa wa njano. Kwa kuwa mimi si mtu wa kutishwa na kitambaa, mchana mmoja wenzangu wakiwa kwenye chakula nilivaa glavu, nikauzamisha kwenye pipa jeusi na kuhesabu hadi mia tatu. Ulitoka wa njano vile vile. Tena mkavu. Nilipovua glavu, mikono yangu ilikuwa myeusi hadi viwikoni, na ikakaa hivyo siku tisa. Mama Rangi hakunigombeza. Aliniosha kwa sabuni kama mtoto, akasema, "Cha mtu usikichezee."

Jumatatu wiki hii tulifungua mlango tukaukuta mweupe.

Jumanne, saa sita mchana, aliingia mtoto wa kike wa kama miaka saba. Sare yake ilikuwa ya mtu mzima, mikono imekunjwa mara tatu. Alisema anataka mkanda wa kuanzia. Mama Rangi hakwenda kabatini. Alikwenda kwenye msumari wa saba. Mtoto akaufunga mwenyewe, ncha zikalingana mara ya kwanza, jambo ambalo mimi lilinichukua wiki tatu. Akainama.

"Samahani mama, nimechelewa."

"Hukuchelewa," Mama Rangi akamwambia. "Mimi nilikuwepo."

Mlangoni mtoto aligeuka, akanitazama mimi, si yeye. "Ijumaa nitauleta. Nitataka wa njano."

Nilikimbia kumuuliza mwalimu wa ukumbi wa jirani. Alisema mwezi huu hajaandikisha mtoto yeyote. Ila saa sita ile, ukumbi ukiwa na kufuli kwa nje, alisikia mtu ndani akihesabu mateke. Niliporudi, Mama Rangi alikuwa amesaini fomu na anakunywa chai. Sijawahi kumwona amekaa vile, mabega yameshuka.

Mama Rangi, asante kwa mapipa sita, kwa masomo, na kwa ile sabuni. Tunakuombea usingizi wa hadi saa nne asubuhi, mikono ya rangi moja, na wajukuu wenye adabu kunizidi mimi. Kazi uliyotuachia tutaifanya, nani kasema tunaogopa? Ila kesho ni Ijumaa, mama yangu. Kama hutakuwa na shughuli, pitia hata dakika tano. Pipa la njano nimeshaliosha mara tatu.