Saa Isiyotolewa Sita: Maisha ya Marehemu Mama Umejuaje

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosimama huko nje kwa sababu viti havikutosha, familia inaomba utulivu kidogo, mtoto anayelia asitolewe, maana marehemu hakupenda mtoto atolewe penye watu, na sasa yatasomwa maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuongeza na, kama alivyoagiza mwenyewe, bila kupunguza.

Marehemu, ambaye wengi wenu hamlijui jina lake la kwenye cheti na mnamjua kwa jina la Mama Umejuaje, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Juni 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa seremala na mkewe mshona nguo. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa sana kusema, hata wakaanza kunong'ona, lakini siku aliposema, neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba, lilikuwa "nini?", na toka siku hiyo nyumba ile haikupumua.

Mwaka 1959 alianza shule ya msingi, hatua mia mbili kutoka kwao, akamaliza mwaka 1965, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1969, na katika miaka yote hiyo alitolewa nje ya darasa mara moja tu, alipomuuliza mwalimu kwa nini mvua inashuka kwa matone na haimwagiki yote kwa pamoja kama ndoo, mwalimu akamjibu kwamba ndivyo Mungu alivyopanga, naye akauliza, "Umejuaje, mwalimu?" Alisimama nje dakika arobaini, mvua ikinyesha, akarudi amelowa chapachapa na kusema kwamba amehesabu, matone ya kwanza ni makubwa kuliko ya mwisho.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa kuwa mpokea simu katika kituo cha zimamoto, na huko ndiko jina lilikomganda, kwa sababu watu walikuwa wanapiga simu, wanapiga kelele za moto, wanakata, na magari yanazunguka mji mzima bila kuona hata moshi. Yeye akaanzisha utaratibu wake, kila anayepiga anaulizwa kwa upole, moto uko wapi, umejuaje, umeuona kwa macho au umeambiwa, na yupo mzee mmoja aliyemjibu kwa hasira, "Nimejuaje? Ndevu zangu zinaungua, mwanangu!", na gari likafika kwa mzee huyo kwa dakika sita, ndevu zikapona nusu.

Ni kwa simu hiyohiyo alipata mume. Dereva wa basi alipiga kutoa taarifa ya lori lililopinduka, akaulizwa maswali kumi na manne, na kesho yake akaja kituoni na kofia mkononi akisema amekuja kumwona mtu anayeuliza namna ile, na kama bado lipo swali la kumi na tano aulizwe ana kwa ana. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Septemba 1974, wakajaliwa watoto wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume, wote wapo hapa leo, pamoja na wajukuu kumi na mmoja na vitukuu watatu, na mumewe alimtangulia tarehe 19 Mei 2016.

Mwaka 1978 alihamia idara ya maafa ya jimbo, na tarehe 1 Julai 1989 akawa mratibu wa dharura, mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho, kiti chenyewe kikiwa na mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha mbao na baba yake seremala. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili juu ya posta, chumba kimoja kirefu chenye simu sita, ramani iliyofunika ukuta mzima, na ubao mweusi ambao kila kilichoandikwa pale ndicho kilichosomwa redioni, ndicho walichofuata madereva, walimu wakuu na wauguzi wa jimbo zima.

Hapa familia inaomba msikilize vizuri, kwa sababu ndipo penye jambo lenyewe. Chumbani mle ulikuwepo mtambo uliokuwa ukileta karatasi kutoka kwa wataalamu wa hali ya hewa, na mtambo ule ulihesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo adhuhuri, ambayo sisi sote tunaiita saa sita, wenyewe uliandika 12:00. Sheria ya kwanza ya chumba ilikuwa kwamba saa yoyote inayotoka kwenye mtambo itolewe sita kabla haijagusa ubao, na wafanyakazi walikuwa wakiulizana kila mara, hata kwa utani wakati wa chai, "Umetoa sita?", na aliyeitunga sheria hiyo ni marehemu mwenyewe.

Siku ya Jumatano, tarehe 9 Februari 1994, saa moja asubuhi, dhoruba ikiwa imeshakaa baharini siku tatu na jimbo zima linaitazama, mtambo ulitoa karatasi iliyosema kwamba upepo mkubwa utafika nchi kavu 12:00. Marehemu alikuwa na simu mbili masikioni, moja ya hospitali na moja ya bohari la mahema, akashika chaki kwa mkono uliobaki huru, akaandika ubaoni, Saa 12. Hakutoa sita. Msomaji wa redio akasoma saa kumi na mbili jioni, na jimbo likashusha pumzi, watu wakasema siku bado ndefu, haraka haraka haina baraka.

Saa tatu kasoro robo alimpigia msimamizi wa mabasi kuuliza ni mabasi mangapi yameshatoka kwenda kuwahamisha watu wa bondeni, kule ambako mto unaingia baharini na nyumba zimebanana, akaambiwa hakuna hata moja, madereva ndio kwanza wanaosha magari.

"Wanaosha?" marehemu akauliza. "Wanaoshea dhoruba?"

"Mama, tulia bwana, dhoruba si ya jioni?"

"Umejuaje kwamba ni ya jioni?"

"Nimejuaje?" msimamizi akacheka. "Si wewe ndiye uliyeniambia!"

Waliokuwa chumbani wanasema aliweka simu chini polepole kama mtu anayeweka yai, akageuka kuutazama ubao, akaenda akaichukua karatasi, akaisoma, akautazama ubao tena, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sikutoa sita," na simu moja iliyokuwa inalia ikaachwa ilie.

Mkuu wa idara alikuwa mtu wa busara na familia haimsemi vibaya, naye alishauri watangaze kwamba dhoruba imeongeza mwendo, kwa sababu watu wakisikia ofisi imekosea wataacha kuiamini. Marehemu alimjibu, "Mkuu, tukiisingizia dhoruba leo, mwaka kesho ikiongeza mwendo kweli, tutasema nini?", akateremka ngazi mwenyewe, akavuka barabara hadi studio ya redio, na saa tatu kamili watu wengi mliopo hapa mlimsikia akisema kwamba dhoruba inafika saa sita mchana na si saa kumi na mbili, kwamba aliyekosea kuandika ni yeye, mratibu, na kwamba kila mwenye miguu aanze kutembea sasa hivi kwenda juu, mabasi yatamkuta njiani. Mumewe alikuwa miongoni mwa madereva, na alisema baadaye kwamba aliondoa basi likiwa na sabuni.

Mabasi thelathini na moja yalikwenda na kurudi, malori ya taka yakaongezwa, gari la vipaza sauti likazunguka mitaa, na ilipofika saa tano na nusu watu elfu tisa na mia nne walikuwa wameshatoka bondeni. Upepo ulifika saa sita kasoro dakika saba. Watu wanapenda kukumbuka hapo, na wengi walitaka historia hii iishie hapo, kwa furaha, lakini yupo mtu mmoja aliyebaki.

Huyo alikuwa fundi baiskeli wa uchochoro wa nyuma ya kiwanda cha barafu. Alikuwa ameshampeleka mkewe na watoto wawili juu kwa mkokoteni tangu saa mbili, redio yao ikiwa imefungwa ndani ya mizigo, akarudi peke yake kwa sababu alikuwa na baiskeli kumi na nne za wateja, akasema hawezi kuacha mali ya watu ichukuliwe na maji naye ana siku nzima mbele yake, aanze kuzipandisha darini moja moja. Gari la vipaza sauti halikuingia uchochoroni, lilikuwa pana. Ukuta wa kiwanda ulianguka saa sita na dakika ishirini, na alipokutwa, baiskeli kumi na moja zilikuwa zimeshafika darini.

Mwezi wa Machi tume ya uchunguzi iliandika rasimu, na humo fundi alielezwa kwa mstari mmoja, kwamba alikaidi amri ya kuhama. Mstari ule ulifika mtaani kabla ya ripoti, watoto wa fundi wakawa wanaitwa shuleni watoto wa mkaidi, na marehemu aliposikia, alimwomba mumewe ampeleke kwa mjane, tarehe 27 Machi 1994, siku ya Jumapili. Mjane hakumkaribisha ndani, walizungumza mlangoni, mmoja huku, mmoja kule, na mumewe, aliyebaki kwenye gari na dirisha wazi, ndiye aliyeyasimulia maneno yao.

"Mratibu," mjane akasema, "umekuja kuomba msamaha, au umekuja ili upate usingizi?"

"Sijui," marehemu akamjibu. "Labda yote. Nimekuja kukuambia kwamba mumeo hakuwa mkaidi."

"Mimi nililala naye miaka tisa, hilo unaniambia mimi? Waambie wao."

Basi akawaambia wao. Alikataa kutia saini rasimu, akaandika ukurasa wake kwa mkono, akaupeleka mbele ya tume, na mkuu akamwita pembeni akamwonya kwamba anajichimbia kaburi, kwani hakuna aliyemlazimisha, maji yakimwagika hayazoleki. Ukurasa ule bado upo, familia ina nakala, na unasema hivi: "Fundi huyu alitii. Serikali ilimpa saa, akaiamini, akapanga kazi zake kwa saa hiyo. Saa ilikuwa ya uongo, na iliandikwa na mkono wangu. Naomba neno alikaidi lifutwe, kwa sababu ana watoto." Neno lilifutwa. Ripoti ilisomwa hadharani katika uwanja wa shule ya bondeni, Ijumaa, tarehe 22 Aprili 1994, na mjane alisimama nyuma kabisa karibu na bomba la maji, akasikiliza hadi mwisho, akaondoka bila kumsalimu mtu.

Mwezi uliofuata marehemu aliondolewa kwenye kiti cha mratibu na kupelekwa stoo ya mablanketi na fomu, akakaa huko miaka kumi na miwili hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006, na hakuna mtoto wake aliyewahi kumsikia akilalamika, isipokuwa siku moja aliposema kwamba mablanketi hayana swali hata moja la kumuuliza mtu. Lakini fomu za dharura za jimbo, hadi leo, zina visanduku viwili vya saa, kimoja cha mtambo na kimoja cha watu, na visanduku hivyo alivichora yeye, kwa rula, stoo.

Mjane alianza kuja nyumbani kwake mwaka 1999, Alhamisi moja, akisema ametumwa na mtoto wake kuuliza habari ya fomu ya sekondari, na Alhamisi iliyofuata hakuwa ametumwa na mtu. Walikuwa wanakaa barazani, wanasikiliza utabiri wa hali ya hewa na kuubishia, na kwa miaka yote hiyo mjane alimwita Mratibu, hata baada ya kustaafu, hata walipokuwa wakicheka, na marehemu hakuwahi kumwomba amwite vingine, wala hakuwahi kumuuliza kama amesamehewa. Wanawe walishangaa, mtu aliyeuliza kila kitu chini ya jua, na binti yake mkubwa alipomuuliza sababu, alisema kwamba yapo maswali ambayo ukiyauliza unamtwika mwenzako mzigo wako.

Mwezi wa Oktoba 2021 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akapelekwa hospitali ya jimbo, akaambiwa moyo umechoka, akamuuliza daktari amejuaje, na daktari, kwa bahati njema, alikuwa kijana mwenye subira, akamgeuzia kioo cha mashine auone moyo wake unavyopiga, naye akautazama muda mrefu, akauambia, "Kumbe ndiwe." Alilazwa mara nne, mara ya mwisho tarehe 20 Februari 2024, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na alifariki dunia Jumamosi, tarehe 2 Machi 2024, saa moja na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Familia inamshukuru daktari huyo na wauguzi wa wodi, ambao walijibu maswali hata ya mashuka, inawashukuru majirani waliopika, waliolaza wageni na waliozima redio zao bila kuambiwa, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zimamoto, wa chumba cha dharura na wa stoo, na inamshukuru mkuu wake wa zamani, ambaye amekuja leo kwa fimbo, kutoka mbali.

Mjane wa fundi ameomba asitajwe kwenye shukrani, kwa kuwa anasema hakuna alichofanya cha kushukuriwa, na familia imemkubalia, haimshukuru, inaeleza tu kilichotokea. Alhamisi ya tarehe 29 Februari alikuja wodini kama kawaida yake, akakaa saa nzima, na alipoinuka, binti wa marehemu akiwa amesimama pale na chupa ya chai, alimfunika miguu mgonjwa, akasema, "Haya, Dada, mimi nakwenda."

Marehemu akafumbua macho. "Umeniitaje?"

"Umesikia," mjane akasema. "Usinichokoze. Pumzika."

Nasi familia yako hatuna neno la kupita hilo. Mama, bibi, jirani, Dada, pumzika kwa amani.