Fahali wa Clem Ludgrove

Kwenye basi la kijijini, mama mmoja mgeni, viatu vimejaa tope, alikuwa akimlalamikia jirani yangu Clem bila kumjua.

“Mzee, huyo mkulima wa pale mtoni nitamshtaki! Anaachia fahali kwenye njia ya watu! Kanikimbiza mpaka nikaruka ua.”

“Umemwona kweli, mama?”

“Kwa macho yangu! Mweusi, mapembe hivi!”

Shambani kwa Clem hakuna hata ndama. Kuna kondoo, na kibao cha “Fahali Mkali” alichokiandika mwenyewe kuwafukuza watembezi.

“Labda hakuna fahali,” Clem alijaribu.

“Sasa kile kibao kaweka nani, na cha nini?”

Basi liliposimama, Clem alishuka haraka. Kwake bado mbali.