Boga Lenye Meno

Jumamosi, tarehe 20 Novemba 2004, siku ya pili baada ya Sikukuu ya Taifa, taa za rangi zilikuwa zingali zimetundikwa juu ya barabara ya Darsait, hapa Maskati, na benchi letu mbele ya duka la fundi cherehani lilikuwa na watu wanne tangu baada ya sala ya alasiri. Alikuwapo Murshid, tuliyemwita Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima. Apolinary, mtu wa Bukoba, mpishi wa hoteli moja ya Ruwi, jina lake kwetu Sahani. Zahor, mzaliwa wa Tabora, aliyeitwa Balozi kwa ajili ya mjukuu wake Reem anayesomea ufamasia Amerika. Na mimi, karani mstaafu, ambaye waliniita Kalenda. Sikulikataa jina hilo.

Zahor alikuja na vitu viwili: picha iliyofika kwa posta asubuhi ile, na karatasi tupu. Karatasi ilikuwa kwa ajili yangu. Alitaka nimwandikie Reem, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba arudi nyumbani kabla ya mwisho wa mwaka na masomo ayaache huko huko. Nilikuwa nimekwisha kuandika tarehe pembeni nilipomwomba kwanza nilione kosa lenyewe.

Katika picha, Reem, mtandio wake kichwani, alikuwa amekumbatia boga kubwa lililotobolewa macho, pua na meno, na ndani yake mnawaka taa. Nyuma yake yalionekana mabembea, mifupa ya binadamu imetundikwa mitini, na watoto wamebeba vifuko. Alikuwa akicheka hata magego yanaonekana. Mgongoni mwa picha aliandika kwamba hapo ni bustani ya michezo, kwamba hayo ni mambo ya Halowini, na kwamba amefurahi kupita kiasi.

— Halowini ndo mwenye bustani, alisema Redio.

— Na mifupa jee? aliuliza Zahor.

— Si mtoto anasoma dawa, yakhe? Hiyo mifupa darsa. Wenzetu hawasomeshi ndani tu.

Sahani aliitwaa picha akaichunguza kwa jicho la kazi. Alitueleza kwamba yeye huchonga matikiti kila Alhamisi kwa ajili ya karamu za hoteli, na kwamba boga hili bila shaka lilikatwa na mwanagenzi, maana meno yamepishana. Hilo angelisamehe. Lililomsumbua ni jingine.

— Wamelikomba lote ndani. Sasa nyama yake wamepeleka wapi? Hapo kuna futari ya watu thelathini, na nazi yake.

Neno futari lilimwamsha Redio upya. Alitukumbusha Qaranqasho, jioni ile ya nusu ya Ramadhani ambapo watoto wetu hapa Maskati hupita nyumba hadi nyumba na vifuko vyao wakiomba peremende. Watoto na vifuko si hawa? Taa si hii? Kwa maoni yake jambo lilikuwa wazi kabisa.

— Wamarekani washasilimu. Kimyakimya.

Zahor akauliza mbona hakuna hata mmoja aliyevaa kanzu. Redio akajibu kuwa huko ndiko kuficha kwenyewe.

Hapo nikatoa miwani yangu ya kusomea. Pembeni mwa picha palichapwa tarakimu nyekundu: 10 31 04. Sahani alisema mwezi wa thelathini na moja haupo. Nikamfahamisha kwamba Wamarekani hutanguliza mwezi, na kwa hiyo siku ile ilikuwa Jumapili, tarehe 31 Oktoba, Ramadhani yetu ikiwa imekwisha kuvuka nusu. Nilijisikia vizuri kwa usahihi huo, mpaka nilipomtazama Zahor.

— Mwezi mtukufu, alisema. N'namuona anacheka makaburini, mwezi mtukufu.

Maana makaburi nayo yalikuwapo, vijiwe vya kijivu vimepangwa majanini. Nikasoma kimoja ili nimtulize, nikashindwa. Marehemu alizaliwa mwaka 1820 na kufariki mwaka 1799. Nilirudia mara tatu. Katika miaka thelathini na minne ya kuandikisha watu sikupata kukutana na mtu wa namna hiyo.

— Ndo maana mifupa iko nje, alisema Redio. Kaburi lilimkataa, karatasi zake hazikutimia.

Zahor alinisogezea karatasi.

— Andika, Kalenda, alisema Zahor. Andika arudi.

Nilikuwa nimeinua kalamu alipofika Filomena, mtu wa Moshi, anayepika nyumbani kwa Zahor mwaka wa saba sasa. Alifuata birika la kahawa. Alituamkia shikamoo, tukamwitikia, na Zahor akampa picha ili naye awe shahidi. Filomena alifuta mikono kwenye kanga, akaitazama kitambo. Hakulitazama boga.

— Baba, siku hiyo alifuturu na nani?

Sahani alichungulia kikombe chake. Zahor aliigeuza picha akasoma maandishi, akaigeuza tena, akaigeuza tena, kana kwamba ina upande wa tatu. Mimi niliyemjulisha siku na mwezi niliifunika kalamu.

— Mimi Krismasi yangu ya kwanza hapa nilipiga picha na ngamia wa watu, alisema Filomena. Nilicheka hivyo hivyo. Mama ameitundika sebuleni.

Akalitikisa birika, akalikuta tupu, akaondoka nalo.

— Kalenda, huko kwa Reem saa ngapi saa hizi? aliuliza Zahor.

Wako nyuma yetu kwa saa tisa. Nilimwambia kwamba hii saa yetu ya kumi na moja jioni kwao ni saa mbili asubuhi.

— Basi keshaamka.

Alivuka barabara akaingia kibanda cha simu. Tulimwona kupitia kioo akisema kwa nguvu, mkono mmoja ukichora hewani kitu cha mviringo. Kisha mkono ukashuka. Alisimama akisikiliza, muda mrefu sana, paji la uso limeegemea kioo.

Redio aliuliza kama sasa Zahor atauliza habari za yule marehemu.

Karatasi ile ninayo bado. Ina tarehe tu.