Uso Aliouomba Mtakatifu Kristofa

Baba Askofu, uliyepanda mlima huu kuja kutubarikia magari, Padri Anthimos, Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji Bwana Vangelis Zikos, ndugu madereva mliopanga foleni nje tangu alfajiri, mabibi na mabwana, pamoja na nyinyi mnaonong'ona kule nyuma: heri ya sikukuu.

Mmeniomba niseme machache kabla sijarudi kwetu Ioannina. Yatakuwa machache, lakini hayatakuwa matamu, kwa sababu nimechoka. Kazi haijanichosha. Mmenichosha nyinyi.

Nilipokuja kusafisha michoro ya kanisa hili, mlinionyesha hapa mlangoni Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri, kijana mzuri mwenye masharubu. Nikaondoa masizi ya mishumaa. Chini ya masizi nikaona rangi isiyo ya kale sana, ikibanduka yenyewe, na chini yake mchoro wa kale: mtakatifu yuleyule, joho lilelile jekundu, na juu ya mabega, kichwa cha mbwa.

Tangu siku hiyo sina raha. Bi Polyxeni akanijia na ndoo mkononi: "Binti yangu, tulikuita umwoshe uso, nani kakutuma umgeuze?" Mama, nilimwosha! Hicho ndicho kilichotoka! Stergios wa lori naye: "Dada Evanthia, nikibandika picha hiyo kwenye kioo, kule bandarini si watanibwekea mpaka Krismasi?" Na jana baraza likakaa mkahawani, likaamua kabla kahawa haijapoa kwamba hotuba hii ikiisha nimrudishie ule uso mzuri. Rangi imeshakorogwa, ile pale, pembeni ya mkate wa kubarikiwa.

Haya, tuulizane. Uso mzuri wa nani? Mheshimiwa Mwenyekiti, nimekunywa kahawa sebuleni kwako, nikamwona ukutani babu yako, yule aliyerudi kutoka Iskandaria na utajiri wa pamba akagharamia kanisa lipakwe upya. Masharubu ni yale. Pua ni ile. Mchoraji alimjua anayemlisha! Kwa hiyo miaka yote hii mmewasha mishumaa, mmelia, mmeomba breki zisikatike kwenye kona za mlima, mbele ya mzee Zikos. Alikuwa mtu mwema, sikatai. Lakini mambo ya breki aliyajulia wapi?

Na msiniambie hamkujua. Bi Polyxeni, si wewe uliyenisimulia tukichambua maharage kwamba Kristofa alikuwa mzuri kupita kiasi, watu wakawa hawamwachi apumue, akamwomba Mungu amwondolee balaa lile, akapewa kichwa cha mbwa, akashukuru? Alishukuru, mama! Sasa sisi ni nani tumbebeshe tena kile alichokikimbia?

Padri aliniambia kwa upole, "Watoto watamwogopa." Baba, msogelee umtazame. Macho ni ya mtu, tena mtu mpole. Na pale kwenye pua rangi imelika mpaka chokaa inaonekana. Nilidhani ni unyevu, lakini kote pembeni ukuta ni mkavu na rangi ni nzima. Ni midomo iliyoila. Wazee wenu walifunga nyumbu wao hapo nje, wakaingia kumbusu kabla ya kushuka bondeni, na waliwainua watoto nao wambusu. Watoto wa leo mnaohofia wataogopa ndio wajukuu wao! Hakuna aliyeona haya. Nilipoelewa hivyo nilikaa chini nikalia, kisha nikapandwa na hasira ambayo mnaiona mpaka sasa, maana mnataka kufunika busu za bibi zenu kwa rangi ya kopo.

Nawashukuru kwa kitanda, kwa jibini, kwa kuni za majira ya baridi, na kwa kelele zenu ambazo najua nitazikosa. Lakini brashi hii siishiki. Ninaiweka mezani. Anayetaka kumfunika aje mwenyewe, ila ambusu kwanza, kama ilivyo desturi ya mlango huu, halafu apake, na sisi sote tunamtazama.

Mimi nakwenda kumbusu sasa hivi. Stergios, unacheka nini? Vua kofia, unanifuata. Mheshimiwa Mwenyekiti, nafasi ya tatu ni yako.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa naomba midomo.