Fomu Niliyoandika "Hana"

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Shikamooni wazee. Wanaonijua wanajua mie si mtu wa kupanda huku mbele. Mimi ni Mama Adelina, yule mkaanga maandazi wa hapa Chamazi, na sitawachelewesha.

Binti yangu Adelina hasikii. Neno hilo nililikataa kwa miaka mingi. Ukidondosha sufuria nyuma yake, hageuki. Baba yake aliona mapema, akataka tumpeleke hospitali, nami nikamwambia hana imani. Nilikuwa naombea yale masikio kila siku, na niliamini nikitamka kwamba mtoto ana ulemavu, nimeukaribisha ukae. Si ndivyo tunavyofundishanaga, tusikiri ugonjwa?

Zamani mtoto kama yeye ukimpeleka shule ya karibu, unaambiwa kamtafutie shule yao, mbali huko. Serikali ikabadilisha utaratibu. Siku ya kumwandikisha darasa la kwanza nikapewa fomu: kama mtoto ana ulemavu andika, apelekwe kupimwa, apate mwalimu wake hapahapa karibu. Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi! Mimi nikaandika HANA, kwa herufi kubwa, kisha nikaiwekea mikono ile fomu nikaiombea. Nilijiona shujaa wa imani.

Adelina akakaa dawati la nyuma darasani. Jioni nikifungua daftari nakuta limejaa mwandiko mzuri ajabu, kuwashinda hata kaka zake. Nikaringa nalo mtaa mzima! Hakuna mteja wa maandazi ambaye hakuonyeshwa.

Siku moja nikamwonyesha Mwalimu Hawa, jirani yetu, anayefundisha shule nyingine. Alisoma, akarudia ukurasa uleule.

"Mama Adelina, hii umeisoma?"

"Si masomo hayo?"

Yalikuwa majina ya wapiga kelele. Monita kayaandika ubaoni, mwanangu kayanakili, kama alivyonakili kila kitu. La nne lilikuwa lake mwenyewe, maana huwa anatoa sauti asizozijua. Mwalimu Hawa akamwashiria Adelina, aliyekuwa pembeni yangu, aonyeshe jina lake. Adelina akatutazama usoni, akatabasamu, akaonyesha la kwanza. Akaona hatufurahi, akaonyesha la mwisho. Ndugu zangu, mtoto alikuwa hajui kwamba ana jina!

Nililia palepale, unga mikononi. Nilikuwa na hasira, na si kwa shule. Aliyeandika HANA ni mimi.

Mwalimu Hawa akaniambia, "Fomu inabadilishwa, dada yangu. Ila uandike mwenyewe."

Kesho yake nikaenda na baba yake. Nikakata HANA, nikaandika HASIKII. Nangoja baya linishukie. Hakuna lililotokea. Kalamu ilivuja tu, ikanichafua vidole.

Akapimwa, akahamishiwa kitengo cha viziwi katika shule ya jirani. Sitawadanganya, mwalimu wa lugha ya alama ni mmoja, akiumwa watoto wanakaa bure, na vitabu vilichelewa. Lakini watoto wale wana desturi yao. Kila mtu wanampa jina la ishara ya mkono, kutokana na kitu alicho nacho mwilini. Adelina wakampa kidole shavuni, kwa kile kishimo chake.

Siku chache baadaye akarudi nyumbani, akanishika mkono, akagusa kovu langu la kuungua mafuta, hapa kwenye kifundo cha mkono. Kisha akaenda kusimama mlangoni, akagusa kifundo chake mwenyewe, mara mbili, akinitazama. Sikuelewa.

Baba yake ndiye aliyesema, "Anakuita."

Miaka minane tangu nimzae, na siku hiyo ndiyo mwanangu aliniita! Nilimpigia Bwana magoti pale jikoni. Niliomba afungue masikio ya mtoto, naye akanifungua mimi.

Bado naomba juu ya masikio, sijaacha. Ila sifichi tena. Mama uliyemfungia mtoto ndani ukingoja muujiza, mtumaini Bwana, na fomu uijaze kweli. Mungu hapungukiwi nguvu kwa sababu wewe umeandika ukweli.

Mwoneni pale karibu na spika, anagusa kifundo. Wageni mtadhani anajikuna. Ananiita mimi, nimezidisha maneno. Asante Yesu. Naitika.